Mirano M3

Ilifika Urambo mwaka ule tumbaku ilipolipa,
ndani ya boksi jeupe lenye harufu ya kiatu kipya.
Mgalula aliitoa kwa vidole viwili
kama mtu anayeiba yai chini ya kuku mkali.
"Haina vitufe," akatutangazia. "Unaipapasa tu."
Mzee mmoja akauliza, "Nayo inacheka?"

Duka zima likaangua.
Kisha yakaja maswali ya watu wenye akili zao:
tochi iko wapi?
ikidondokea kwenye ndoo ya maji?
redio inashika bila waya?
Na chaji, je?
Hapo Mgalula akakohoa.
"Chaji inakaa siku moja. Lakini siku nzuri."

Nilikuwa karani wa chama cha msingi.
Niliinunua kwa posho ya msimu mzima,
nyumbani nikataja nusu ya bei.
Kalunde, ukifika mstari huu,
nusu nyingine ndiyo hii unayoisoma.

Laini mbili: moja ya kazi, moja ya dakika za usiku wa manane.
Jiba nane, na nne zilikuwa zimeshaliwa
kabla sijaweka hata picha ya harusi.
Kamera ya megapikseli tano
ilitutoa wote rangi moja, ya chai ya mkandaa,
mpaka shemeji zangu weupe wakanuna.
Betri unaibandua kwa ukucha;
simu ikiganda unaitoa, unaipuliza,
unaifuta kwenye suruali, unairudisha,
inaamka kama haijatenda kosa.

Imalamakoye, kijiji kinachomaliza shida kwa jina tu,
mtandao ulikaa juu ya kichuguu kimoja.
Tulipanda kwa zamu.
Pale juu watu walidaiwa, waliposwa, walifiwa,
na aliyekuwa chini akingoja zamu
aligeuka akatazama mashamba
asije akaonekana amesikia.

Miaka mitatu, wakaja wenye vioo vipana.
Mpwa wangu Luhende akaiita yangu kigae.
"Mjomba, hicho kigae kinapokea meseji au kinapokea mvua?"
Na kweli, programu moja moja zilianza kunikataa
kwa adabu, kwa maandishi madogo.

Halafu ikaja siku ya soko.
Robota la Bi Nyamizi likapanda mizani ya mshale.
Sisi tuliona sabini na mbili.
Kitabuni ikaandikwa sitini na mbili.
Saa nane mchana, umeme umekatika tangu jana,
vioo vipana vyote vimezima mifukoni,
vizuri, vyeusi, vyenye kung'aa.
Mimi nilikuwa na betri ya akiba kwenye soksi.

Picha ikatoka na ukungu wake wa siku zote.
Ofisini wakaikuza, wakaikuza,
tarakimu zikawa vumbi la njano.
"Hii inaweza kuwa namba yoyote," mnunuzi akasema,
na hakuwa mwongo.
Ndipo Bi Nyamizi, asiyejua kusoma,
akaweka kucha juu ya kioo:
"Namba mmezipoteza. Mshale je?
Umeegemea wapi huo?"

Kilo kumi zikarudi kitabuni.
Hakuna aliyeishangilia simu.
Luhende alisema tu, "Bahati,"
na jioni akaniomba hotspoti,
nikamkumbusha kwamba kigae hakijui mambo hayo.

Sasa inalala dirishani,
waya wa chaji umebanwa kwa mpira wa ndala,
betri imevimba kama shavu la mwenye jino.
Fundi wa Kachoma anasema niitupe, italipuka.
Kalunde anasema niitupe, inakusanya mchwa.
Nimeshatoa laini zote mbili.
Picha ya mizani sijaitoa;
sijui njia ya kuihamisha,
na aliyejua ni Luhende,
na Luhende siku hizi yuko Mpanda,
anauza vioo.